Babu Aliitwa Mazrui: Je, Jina Hili Lilitufikiaje?

*"Mimi ni mwanamke, mkazi wa Tanga. Babu mzaa baba, ambaye sasa ni marehemu, alijulikana kwa jina la Mazrui, na tuna karatasi moja ya zamani ya Kiarabu yenye jina hilo. Lakini baba huandika majina matatu tu: lake, la baba yake na la babu yake. Mimi vivyo hivyo, kwa hiyo Mazrui haimo kwenye cheti changu wala kitambulisho. Shangazi anasema sisi ni Waarabu wa Oman, tena damu ya masultani wa Zanzibar. Ami anasema babu wa babu alikuja kutoka Gazi akiwa mtu wa Mbaruk, na jina tulipewa tu. Mdogo wangu amesoma mtandaoni kwamba mchezaji Noussair Mazraoui ni ndugu yetu. Nataka kuujua ukweli kabla wazee hawajaisha. Je, nipime DNA? Na ni kweli kuna ardhi ya Wamazrui huko Kenya ambayo tunaweza kudai?"*

Dada yangu, nimelisoma swali lako mara kadhaa. Naona ndani yake hofu ambayo hukuitaja: kwamba ami akiwa mkweli, basi nyinyi si Mazrui wa haki, na babu alibeba kitu kisichokuwa chake. Hofu hiyo nimekutana nayo katika nyumba nyingi za pwani, kuanzia Vanga hadi Pangani. Nitalijibu swali lako kwa urefu kwa sababu shangazi na ami huenda wote wawili wana sehemu ya ukweli, na sehemu ya ami inastahili heshima sawasawa na ya shangazi.

Nianze na mdogo wako, maana jambo lake ni jepesi. Mazrui ni jina la Kiarabu lenye mzizi wa kupanda mbegu, mzizi uleule uliotupa neno *zaraa*, yaani kilimo. Kwa Kiarabu linaandikwa na herufi 'ain kabla ya mwisho, sauti ya kooni ambayo ulimi wa Kiswahili uliiangusha. Mtu mmoja ni Mazrui, wengi wao huitwa Mazari'. Jina la Mazraoui, ambaye familia yake inatoka Morocco, huandikwa bila hiyo 'ain. Kwa herufi za Kilatini yanafanana, kwa herufi za Kiarabu ni majina mawili. Kinyume chake, ukikutana na Al Mazrouei wa Abu Dhabi, kama Suhail Al Mazrouei, waziri wa nishati wa Falme za Kiarabu, hilo ni jina lenu hasa, limeandikwa tu kwa mtindo wa Ghuba. Ila hata huko, watu kuitwa jina moja hakuwafanyi wawe wa babu mmoja aliye karibu.

Sasa shangazi. Oman ni kweli. Masultani wa Zanzibar, hapana, na hapa kosa ni kubwa kiasi kwamba wazee wenyewe wa Kimazrui lingewaudhi. Masultani walikuwa Al Busaidi, na kwa karibu miaka mia Wamazrui ndio waliokuwa mahasimu wao wakubwa katika pwani hii.

Habari yenyewe ni hivi. Waomani waliwatoa Wareno katika Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 18 Muhammad bin Uthman al-Mazrui alikuwa liwali wa Mombasa kwa niaba ya watawala wa Oman wa ukoo wa Yaarubi. Ilipofika miaka ya 1740, Ahmad bin Said Al Busaidi alichukua madaraka huko Oman. Muhammad alikataa kumtambua: kama huyu amejitwalia Oman, kwa nini yeye asijitwalie Mombasa? Ahmad akatuma watu wakamuua. Nduguye, Ali bin Uthman, alitoroka kifungoni, akairudisha ngome mikononi mwa ukoo, na tangu hapo Wamazrui wakatawala Mombasa kwa jina lao wenyewe. Kwa muda mrefu walishika na Pemba. Hawakutawala peke yao: walikaa na wenyeji wa Mombasa, Thelatha Taifa na Tisa Taifa, kila upande na tamimu wake, yaani kiongozi wake, na nyuma ya mji walikuwa na mapatano na Wamijikenda. Mshairi Muyaka bin Haji alikuwa upande wao, na tungo zake za kuwapiga vijembe Wabusaidi bado zinasomwa.

Walijaribu hata kujikinga kwa bendera ya Waingereza, kuanzia 1824 hadi 1826, wakati nahodha William Owen alipowapa himaya ambayo serikali yake haikuitaka. Mwisho wao ulifika mwaka 1837. Sayyid Said, mtawala wa ukoo wa Al Busaidi, aliingia Mombasa, kisha wakuu wa ukoo wakakamatwa na kupelekwa Bandar Abbas, na wengi wao hawakurudi. Waliosalia walihama mji. Wengine walielekea kaskazini, wakatua Takaungu. Wengine walielekea kusini, wakatua Gazi.

Ushike mgawanyiko huo, dada yangu, kwa sababu simulizi ya ami ina jina la mahali ndani yake. Ami hakusema Mombasa wala Takaungu. Alisema Gazi, tena akamtaja Mbaruk.

Mbaruk bin Rashid wa Gazi aligombana na masultani kwa miaka mingi. Mwaka 1895 palizuka vita vikubwa. Aliyekuwa mkuu wa Takaungu alifariki, Waingereza wakamweka Rashid bin Salim na kumruka mwingine aliyejiona na haki zaidi, akaasi, na alipozidiwa alikimbilia Gazi. Huyo mwasi wa Takaungu naye aliitwa Mubarak bin Rashid. Watu wawili, ukoo mmoja, vita vimoja, jina la mtu na la baba yake vilevile. Ndiyo maana naomba kila anayetafuta nasaba asisimame kwenye majina mawili. Wa nne au wa tano katika mfuatano ndiye atakayekwambia uko kwenye mlango upi wa ukoo.

Waingereza waliichoma Mwele, ngome ya Mbaruk, mwezi Agosti 1895, vita vikaendelea msituni, na mwaka 1896 Mbaruk alivuka mpaka na wafuasi wengi akajisalimisha kwa Wajerumani. Alivuka kuingia upande wa Tanga. Kwa hiyo familia ya Tanga inayosema "tulikuja kutoka Gazi tukiwa na Mbaruk" inasimulia jambo linaloafikiana barabara na historia iliyoandikwa. Ami yako hakubuni. Kilichobaki ni kujua babu wa babu yako alikuwa nani ndani ya msafara ule.

Hapa ndipo penye kiini cha swali lako, na nitakaa hapa kidogo.

Watu wengi siku hizi huliwaza jina la ukoo kama hati ya damu. Kwa pwani yetu jina la namna hii, ambalo wanazuoni huliita *nisba*, lilikuwa linaeleza mtu ni wa kundi gani: nani atamlipia deni, nani atasimama naye vitani, nani atakuwa walii wa binti yake akiolewa. Damu ilikuwa njia mojawapo ya kuingia humo. Njia nyingine zilikuwapo, na zote zilijulikana.

Ya kwanza ni kuzaliwa na baba Mazrui na mke wa ndoa. Hii haihitaji maelezo.

Ya pili ni kuzaliwa na baba Mazrui na suria, yaani mwanamke mtumwa aliyewekwa nyumbani. Kwa sheria ya Kiislamu, baba akimkubali mtoto wake kwa suria, mtoto huyo ni huru, anarithi, na anabeba nasaba ya babake sawa na ndugu zake. Mama anaweza kuwa ametoka Nyasa au kwa Wayao, na mtoto akawa Mazrui kamili. Baadhi ya watu wakubwa wa pwani, hata miongoni mwa masultani wa Zanzibar, mama zao walikuwa masuria. Kwa hiyo mtu akikwambia "rangi yenu si ya Kiarabu, hamuwezi kuwa Mazrui", hajui anachosema. Uchunguzi wa DNA ya mifupa ya makaburi ya kale ya pwani, uliotangazwa mwaka 2023 na uliohusisha miji kama Mtwapa, Manda na Kilwa, ulionyesha kwamba watu wa miji hiyo walikuwa wamechanganyika tangu karibu miaka elfu moja iliyopita: akina mama karibu wote wenye asili ya Afrika, na sehemu kubwa ya akina baba kutoka ng'ambo. Huo ni wakati ambao hata Mreno hajafika.

Ya tatu ni ya aliyekuwa mtumwa kisha akaachwa huru. Sheria ilimfunga na aliyemwacha huru kwa kifungo kiitwacho *walaa*: walibaki na haki na wajibu baina yao, hata katika mirathi pale ambapo hakuna ndugu wa damu. Ilikuwa kawaida mtu huyo, na zaidi watoto wake, kujulikana kwa nisba ya nyumba ile. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Maelfu ya watu walitoka humo wakiwa na jina la mtu mmoja tu, lao wenyewe, na mbele yao kulikuwa na makarani waliotaka jina la pili na la tatu.

Ya nne ni ya mfuasi huru: Mdigo, Mduruma, Msegeju au Mswahili wa mji, aliyemfuata Mbaruk kwa mapatano au kwa imani. Huyo akivuka mpaka na mkuu wake, wenyeji wa upande huu wangemwita "mtu wa Mazrui". Baada ya vizazi viwili kile kiunganishi "wa" kinadondoka, na mjukuu anaitwa Mazrui.

Sasa yarudie maneno ya ami: "mtu wa Mbaruk". Kwa Kiswahili cha zamani, *fulani bin Mbaruk* ni mwana, na *fulani wa Mbaruk* ni wa himaya yake. Ami ametumia neno la pili, na huenda amelipokea hivyo kutoka kwa baba yake. Kwa jinsi ninavyoisoma simulizi yenu, na nakwambia kwa uaminifu, njia ya tatu na ya nne zina uzito mkubwa kuliko ya kwanza. Njia ya pili haijaondoka. Na kama itakuwa ya tatu, dada yangu, usimwonee haya babu wa babu yako. Huyo alitolewa kwao kwa nguvu, akavuka vita, akavuka mpaka, akasimamisha nyumba ambayo leo wewe unaiulizia. Jina alilolibeba hakuliiba kwa mtu, alilitumikia.

Jina kutokuwamo kwenye vitambulisho vyenu halina maana kubwa. Utaratibu wa majina matatu, langu la baba na la babu, hauachi nafasi ya nisba, na ndiyo sababu familia nyingi za pwani na visiwani zina nisba inayojulikana mtaani lakini haionekani ofisini. Wapo pia walioiacha kwa makusudi, hasa baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, pale jina la Kiomani lilipoweza kumletea mtu balaa. Na yupo aliyeiongeza, kwa kuwa enzi za ukoloni kuandikishwa Mwarabu kulikuwa na faida zake. Karatasi yenye jina, au isiyo na jina, isomwe pamoja na mwaka ilipoandikwa.

Kuhusu DNA. Kipimo hiki kinaweza kusaidia jambo moja dogo, na watu hukitegemea kwa makubwa. Ukoo hufuatwa kwa baba, na kitu pekee katika mwili kinachopita kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume bila kuchanganywa ni kromosomu Y. Wewe huna. Itabidi apimwe baba yako, ami au kaka. Matokeo yataonyesha kundi la mstari wa baba: yako makundi yaliyo mengi Uarabuni, na yako yaliyo mengi kwa wasemaji wa lugha za Kibantu. Likitoka la Kiafrika, njia ya kwanza na ya pili zitakuwa zimedhoofika sana, ingawa si lazima mapokeo yenu yawe ya uongo. Likitoka la Kiarabu, umejua kwamba mstari huo ulitoka Uarabuni, basi. Hujajua kwamba ni Mazrui, maana Mbusaidi, Mshihiri na Mazrui wanaweza kuwa kundi moja. Kulifunga kwa Mazrui kunahitaji mwanamume wa mlango unaojulikana, wa Gazi au Takaungu, akubali kupimwa naye mlinganishwe.

Vipimo vile vya asilimia, "wewe ni Mwarabu asilimia kadhaa", kwa swali lako vina faida ndogo zaidi. Babu wa babu yako ni mmoja kati ya watu kumi na sita wa kizazi chake katika asili yako, kwa hiyo kwa wastani amekuachia karibu asilimia 6 tu, na wale kumi na watano nao ni watu wa pwani waliokwisha kuchanganyika. Pia ujue kwamba Tanzania ina sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009. Kabla ya kutuma mate nje ya nchi, uliza kwanza ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Na kabla hata ya hapo, kaeni kikao cha familia mkubaliane: tukipata jibu tusilolipenda, tutafanyaje? Nimeona ndugu wakinuniana kwa sababu ya karatasi ya maabara ambayo hata hawakuisoma sawasawa.

Mimi ningeanza na ndoa. Pwani ilishika sana jambo la *kufu*, yaani waoanao kulingana kwa hadhi, na familia za nasaba zilikuwa wazi kuoa popote lakini ngumu kutoa binti. Kwa hiyo usiulize tu wanaume wenu walioa wapi. Uliza dada za babu, na shangazi zake, waliolewa na akina nani. Kama nyumba za Kimazrui zilizojulikana zilioa kwenu na pia zikaoza binti zao kwenu, hiyo ni dalili nzito. Kama mlikaa jirani nao, mkala nao, mkazikana, lakini binti hakutoka kwao kuja kwenu, nayo ni dalili.

Uliza pia majina ya watu wa kizazi kilichovuka mpaka. Watumwa walipewa mara nyingi majina ya vito na ya heri: Feruzi, Almasi, Marjani, Mabruki, Farjalla. Jina la namna hiyo peke yake halithibitishi, lakini linaongeza uzito. Usichanganye Mabruki na Mbaruk. Herufi ni chache tu lakini hadhi zilikuwa mbalimbali. Na uulize amezikwa wapi. Wamazrui wana makaburi yao Mombasa, karibu na Ngome ya Yesu, ndiko alikozikwa Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933 na kufariki Marekani mwaka 2014. Baba yake, Sheikh Al-Amin bin Ali (1891–1947), alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na mwanzilishi wa magazeti ya *Sahifa* na *Al-Islah*, na ndiye aliyeandika tarehe ya ukoo huu kwa Kiarabu. Maandishi hayo yanazifuata nasaba za wakubwa. Ukimkuta babu wa babu humo, umemaliza kazi. Usipomkuta, hujapata jibu, maana watu wa kawaida wa ukoo hawakuandikwa wote, na wafuasi hawakuandikwa kabisa.

Baada ya wazee ndipo uende kwenye kumbukumbu. Za utawala wa Wajerumani zipo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Nyaraka za Zanzibar, Kilimani, zina hati nyingi za kadhi na za kuacha watumwa huru. Za Gazi yenyewe utazitafuta Kenya. Nenda ukiwa na majina matano na jina la kijiji. Ukienda na neno Mazrui tupu, utapewa majalada ya Mbaruk na utarudi na historia ya vita.

Ardhi sasa, na hapa nakuomba uwe mwangalifu mno. Ni kweli kwamba mwaka 1914 serikali ya kikoloni ya Kenya ilitunga sheria ya kuweka ardhi ya eneo la Takaungu, Kilifi, chini ya wadhamini kwa ajili ya Wamazrui. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1989, na mgogoro kati ya wanaukoo na wakazi wa ardhi hiyo umefika mahakamani. Lakini jambo hilo ni la Takaungu, na ninyi simulizi yenu ni ya Gazi. Watu watakaokuja wakitaka mchango wa fedha ili "waingize jina lenu kwenye orodha", au wakakuuzia shajara ya nasaba iliyochapwa vizuri hadi kwa Muhammad bin Uthman, wafungie mlango. Kama kuna hati halisi mkononi mwenu, ya wakfu au ya shamba, ipeleke kwa wakili anayejua ardhi ya pwani ya Kenya, na kwa mambo ya wakfu kuna Tume ya Wakfu ya Kenya. Mirathi ya Waislamu huko husikilizwa na Mahakama ya Kadhi iliyomo kwenye katiba. Kwenu Tanzania bara, kadhi wa BAKWATA atakushauri kidini, lakini mirathi yenyewe hufunguliwa mahakamani. Msitumie jina kudai chochote kabla ya kuonana na mtu wa sheria ana kwa ana.

Wiki hii nenda kwa shangazi na kwa ami, kila mmoja siku yake, kwa sababu wakikaa pamoja mmoja atamnyamazia mwenzake. Rekodi sauti kwa idhini yao, wala usiwasahihishe wakikosea mwaka. Na ile karatasi ya babu usiibandue wala kuiwekea plastiki ya moto. Ipige picha pande zote mbili, mbele na nyuma, kisha mpelekee mtu anayesoma Kiarabu cha mkono. Mwombe asiishie kwenye jina la babu, bali akusomee majina ya mashahidi.